Vifungo Vyeusi vya Bibi

Belo la mitumba likikatwa mikanda hutoa harufu kabla hujaona hata shati moja. Ni harufu ya vidonge vya mende, karatasi kuukuu na kabati la mtu usiyemjua. Wenzangu hapa sokoni Shinyanga wakiisikia wanasogea, maana anayewahi ndiye anayepata sketi nzuri. Mimi narudi nyuma. Nafunga barakoa, nasimama upande upepo unakotoka, na bei nabishana nayo kutoka mbali kama mtu anayeogopa ng'ombe. Wananiita Mama Karantini. Nawaachia. Jina la utani halilipiwi ushuru.

Juzi juzi mteja mmoja alikung'uta koti la mtoto mbele ya uso wangu, akitafuta kasoro ya kunishushia bei, kifungo kikaruka kikatua kwenye kanga yangu. Cheusi, cha matundu manne. Nilimpunguzia bila kubishana, jambo ambalo lilimtia wasiwasi mteja mwenyewe, akaanza kukagua koti upya. Mimi kimawazo nilikuwa nimeshaondoka pale. Nilikuwa Rwamgasa, chumbani kwa mama, juu ya belo.

Rwamgasa ya utoto wangu ilikuwa na rangi moja tu. Makarasha yalisaga mawe ya dhahabu kutwa nzima, na vumbi lake lilikaa juu ya mabati, juu ya maandazi, juu ya kope za watu. Baba alikuwa mchimbaji. Akisikia kuna mahali mawe yametema dhahabu, alibeba begi akaenda, na sisi tulijua yu hai kwa sababu mara moja moja alituma hela na mara nyingi aliomba. Aliyetulisha ni mama, Mama Limi, kwa jina langu. Aliwauzia wachimbaji nguo. Mchimbaji, alikuwa akisema, ni mteja mzuri siku mbili: siku aliyopata na siku anayokwenda kumzika mwenzake.

Chumba chetu kiligawanywa kwa turubai. Upande mmoja kitanda cha mama, upande wa pili mkeka wa bibi, mama yake baba, aliyetoka Kharumwa kuja kukaa nasi. Mabelo yalipangwa ukutani upande wa mama, na mimi nililala juu yake. Mama alisema mtoto juu ya belo ni kufuli lisilohitaji ufunguo. Mimi sikuona kufuli. Niliona kitanda kirefu kuliko cha mtoto yeyote mtaani. Siku ya kufungua belo nilikuwa ndani yake mpaka kiunoni, nikitupa magauni kulia na masweta kushoto, na ukiniuliza bei nilikupa ya juu kwanza halafu nikakutazama machoni. Biashara ninayoijua leo niliijulia humo, huku nikipiga chafya.

Maana nilipiga chafya sana. Macho yaliwasha mpaka nikayasugua kwa ngumi, pua ikatiririka, na baadaye kifua kikaanza kupiga filimbi. Siku nilipokaa mlangoni nimeshika magoti, mabega yakipanda na kushuka, mama alifunga genge akanipeleka hospitali mjini Geita. Bibi alikataa kubaki.

Daktari alikuwa dada kijana aliyesema haraka, kama mtu anayewahi gari. Alisema ni pumu, na inayoichokoza ni mzio. Kisha akatazama shughuli ya mama kwenye cheti, akasema huenda ni mzio wa vumbi la nguo, lakini hahukumu bila ushahidi. Alitupa makopo mawili ya dawa ya kuvuta. La kahawia ni la asubuhi na jioni, hata mtoto akiwa mzima anaruka kamba. La bluu ni la pale kifua kinapobana. Akatoboa chupa ya maji kitako, akatuonyesha namna ya kupulizia humo na kuvuta polepole, na baada ya la kahawia nisukutue mdomo. Mwisho akatupa karatasi ya vyumba vidogo vidogo. Kila asubuhi tuweke alama: usiku amekohoa au hakukohoa, la bluu limetumika au halikutumika, mtoto alikuwa wapi na nani.

Mama aliuliza maswali ya bei. Mimi nilikuwa nimeganda kwenye neno moja.

Mzio nilikuwa naujua. Bibi alizaliwa Mzinza akaolewa Usukumani, na ukoo wa baba yake ulikuwa na mzio, yaani mwiko, wa pongo, yule mnyama wa porini wa jamii ya swala. Hakula nyama ya pongo. Hakugusa ngozi yake, hakukalia kiti kilichowambwa kwa ngozi hiyo, hakunywa maji ya chungu kilichowahi kuipika hata kama kimesuguliwa kwa majivu mwezi mzima. Wakichoma pongo jirani, aliokota vumbi kidogo, akaliachia hewani aone upepo unaelekea wapi, kisha akabeba kigoda chake akahamia pale moshi usipofika. Nilipomuuliza ukiuvunja inakuwaje, alinijibu kama anayenielekeza dukani: ngozi inatoka mabaka, na nyumba yako yote inaharibika.

Sasa mimi nina mzio wa nguo. Nilipiga hesabu ile njia nzima ya kurudi, nikairudia. Kama bibi hagusi hata ngozi ya pongo, mimi nitavaa nini? Nilijiona nimesimama mstarini shuleni, mwalimu wa zamu ananikagua kucha. Halafu nikafika kwenye hesabu ya pili, iliyokuwa mbaya zaidi. Mzio wa mmoja ni wa nyumba nzima. Nguo zitatolewa chumbani, genge la mama litafungwa, na tutakula mawe kama makarasha. Nikaamua palepale kwamba ushahidi anaoutaka daktari hataupata.

Karatasi ya vyumba vidogo haikumaliza wiki ya pili. Mama aliifungia sindano za mteja, mteja akaondoka nayo, na mama hakuwa mtu wa kukimbiza karatasi. Akaja na yake. Alikuwa na kopo la maziwa lililojaa vifungo alivyokata kwenye nguo zisizouzika, akakata uzi, akaweka sheria: usiku usio na kikohozi, kifungo cheupe, usiku wa kikohozi, cheusi. Likitumika la bluu, unaning'iniza pini. Zile siku alizosafiri kwenda Katoro kununua mzigo, mimi nikilala na bibi, zilipata fundo pande zote mbili ili daktari azione. Uzi ulitundikwa kwenye msumari juu ya kitanda. Ulikuwa mzuri, tena wa kuuzika. Mama mmoja alikuja kununua kanga akauliza bei ya ule mkufu.

Mama aliamka mapema kuwahi genge, kwa hiyo kifungo cha asubuhi nilikitunga mimi. Aliniuliza akiwa mlangoni, kapu kichwani, "Umelalaje?" Nikasema vizuri. Akasema haya, weka cheupe. Kuweka cheupe nikaweka. Kukohoa nilikohoa, ila nilijifunza kukohoa ndani ya sweta, uso nimeuzamisha kwenye belo, yaani nilikuwa nikikimbilia kwa aliyekuwa akinipiga. La bluu nililivuta nikiwa chooni, bila pini. Kwa miaka mingi nilijisifu kwamba nilimzidi mama ujanja. Sasa nina wanangu, na najua hakuna mama anayelala hatua chache na mtoto anayekohoa asisikie. Nadhani alisikia. Nadhani na yeye alikuwa akipenda vile vyeupe.

Bibi hakuwa hivyo. Mama aliiona dawa ya kahawia kama mshahara wa mtu asiyefanya kazi: mtoto mzima, kwa nini umpulizie? Tuipumzishe, akasema, ili idumu. Bibi akamwambia mzio haupumzishwi. Karasha la kwanza likianza kunguruma alfajiri, ananishika kidevu, ananipulizia. Kuku wa jirani wakiingia bandani jioni, ananishika tena. Nilijaribu kupatana naye. Nilimpa mpaka ahadi ya kumsugua miguu, kama ataniacha jioni moja tu. Alisikiliza ofa yangu yote kwa adabu, kisha akanipulizia, akanisimamia nisukutue, akasema wabeja, asante, kana kwamba nimemfadhili.

Na mama akisafiri, uzi ulikuwa wa bibi. Alinishusha kwenye belo nikalale naye mkekani, upande wa pili wa turubai, na vumbi lilelile lilipita chini ya turubai likatufuata. Kwake hukohoi kwa siri. Alikuwa na usingizi wa paka. Asubuhi alichagua kifungo cheusi, akakisafisha kwa kanga yake, akakitunga, akaning'iniza pini yake, akaitazama kazi yake kwa kuridhika kama mtu aliyelipa kodi. Nilimwambia bibi, weka cheupe, nilikohoa kidogo tu. Akasema, "Kidogo cheusi, kikubwa cheusi."

Hebu tazama ule uzi sasa kama alivyoutazama daktari. Siku za mama: cheupe, cheupe, cheupe. Fundo. Cheusi, cheusi, pini, pini. Fundo. Cheupe.

Daktari alifurahi kweli. Alisema hajawahi kuona kumbukumbu iliyotunzwa hivyo, akauvuta uzi mezani kwa vidole viwili. Halafu akauliza siku hizi zenye mafundo mtoto hulala na nani.

"Na bibi yake," mama akasema.

Akauliza bibi anatumia nini, anapikia kuni, ana blanketi la sufu. Mama akasema ana ugoro. Daktari akaitikia kwa kichwa, polepole safari hii, na kwa heshima akamgeukia bibi. Akasema basi nguo si tatizo kubwa kama alivyodhani, inaelekea mzio wa mtoto uko kwa bibi.

Bibi aliinua macho. "Kwangu?"

"Siyo wewe mwenyewe, bibi. Ni vitu vyako tu."

Lakini kwa bibi, pongo na ngozi ya pongo havikuwa vitu viwili. Mkono wake ulikuwa begani kwangu tangu tulipoingia. Aliuondoa taratibu, akaufuta kwenye kanga, akauweka kwenye mapaja yake.

"Nimesikia, daktari," akasema.

Nilikuwa nimekaa katikati yao. Mdomo nilikuwa nao, na Kiswahili cha kutosha kumuuzia mchimbaji mlevi suruali ya kike nilikuwa nacho. Ningesema neno moja. Badala yake nilikuwa nahisi unafuu, ule unafuu wa muuzaji ambaye noti yake mbovu imepokelewa. Nguo zimepona. Sitakwenda shule uchi. Kwamba kuna mtu mwingine amekabidhiwa deni hilo, hilo sikulihesabu. Nilidhani ataacha ugoro, tutacheka, basi.

Ugoro aliuacha siku hiyohiyo. Kopo lake la bati, alilokuwa nalo tangu kabla ya baba kuzaliwa, alilizika nyuma ya choo. Kikombe chake akakitenga. Sahani yangu hakuigusa tena. Mama akichelewa, bibi alinipakulia kwa kusukuma sufuria kwa mwiko mpaka karibu yangu, na mimi nikajipakulia. Dawa ya kahawia alinielekeza kwa mdomo, amesimama nje ya mlango. Akitaka kukaa nje, aliokota vumbi kidogo, akaliachia, akahamishia kigoda chake kule upepo ulikokuwa ukielekea, ili kinachotoka kwake kisinifikie. Niliona ni mchezo. Nilimfuata, akahama. Nikamfuata tena nikicheka, akahama tena, safari hii akikimbia kidogo, na nilipoona bibi mzima anakimbia na kigoda mkononi niliacha kucheka ila sikujua kwa nini.

Wiki haikuisha akafunga mzigo wake. Mama alimsihi, alimwambia daktari hakusema uondoke, mama. Bibi akajibu kwamba kuna mambo daktari hana haja ya kuyasema. Kwa mkwe anayesemwa kwamba nyumba yake imemfukuza mama mkwe, ile ilikuwa aibu ya kuzunguka nayo soko zima, na mama aliibeba. Wanawake walimuuliza kama ni kweli amemrudisha mama wa mume kwa sababu ya ugoro. Na hapo pia mimi sikusema ukweli.

Bibi alipoondoka, hakukuwa na mtu wa kunishika kidevu. Ya kahawia ikapumzishwa kama mama alivyopenda. Uzi ukawa mweupe mwanzo mpaka mwisho, na mama akautundika kwenye genge, watu waone mtoto wake amepona.

Mvua za kwanza zilipoanza, mama alifungulia belo ndani. Lilikuwa la mablanketi. Nakumbuka kuzama humo mpaka shingoni, kisha nakumbuka hewa ikiwa nene kama uji, na kopo la bluu nikilikamua likitoa sauti tu bila kitu, kwa sababu nilikuwa nimelimaliza chooni. Mama alinitikisa akiniuliza nini, nini, naye mikononi ameshika ule uzi wake mweupe, sijui kwa nini aliushika. Kijana wa pikipiki alitupakia. Kwenye kituo cha afya walinivisha kinyago chenye mvuke mpaka filimbi ikanyamaza. Tabibu wa pale, mtu mzima mwenye usingizi machoni, hakuomba uzi wala karatasi. Alimuuliza mama mtoto analala wapi.

Mama akamwambia juu ya mabelo. Nilimwona anasikia jibu lake mwenyewe.

Nikasema yote hapohapo, kwa sauti ya kinyago, na sijui kama walinielewa kabla sijarudia. Mama hakunipiga. Mabelo yalihamishiwa stoo ya jirani, nikapewa kitanda chenye shuka lililofuliwa, nguo zikakung'utiwa uwanjani nikiwa shule. Kila siku nilivaa nguo. Genge halikufungwa. Hiyo ndiyo ingekuwa gharama yote tangu mwanzo: stoo ya jirani na shuka moja.

Mama alikwenda Kharumwa kumfuata. Akakaa siku nzima, akarudi peke yake na furushi la karanga. Alisema alimweleza bibi kila kitu, bibi akasikiliza vizuri, akauliza kama mtoto amepona. Mama akasema amepona. Bibi akasema, "Si unaona? Nimeondoka, amepona." Hoja hiyo mama hakuiweza. Mpaka leo na mimi siiwezi, na kubishana ndiyo kazi yangu.

Kwenye familia yetu wote tumepewa masharti na daktari wakati fulani. Baba alipewa ya presha akayasahau. Mama alipewa ya magoti. Mimi nina kopo la kahawia kabatini, na ninalitumia kama wanavyosali wengi, nikiwa na shida. Aliyefuata masharti bila kuruka hata asubuhi moja ni bibi, na ugonjwa haukuwa wake wala masharti hayakuwa ya kweli. Niliolewa, akaja harusini. Alikaa mwisho wa turubai, upepo ukielekea kwake, akapiga vigelegele kutoka huko. Wanangu aliwapokea na kuwabeba. Mimi alinipa salamu tu, kutoka mbali.

Kiangazi hiki, baada ya kile kifungo kuniangukia, nilikwenda Kharumwa. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi, amekuwa mdogo kama mtoto niliyekuwa. Nikampa shikamoo nikiwa getini. Akaitikia marahaba, akainama, akaokota vumbi, akaliachia, akahama na kigoda chake.

Nikamwambia bibi, vile vyeupe nilivitunga kwa uongo. Akasema anajua, mama yako alishaniambia. Nikamwambia basi hukuwa wewe. Akaendelea kupukuchua. Akasema hata pongo hajawahi kumla, hajui kama angetoka mabaka kweli. Mzio ukishatajwa umetajwa.

Basi nikafanya ninachokijua. Nikaweka mkeka wangu katikati ya uwanja, nikamwambia anipunguzie umbali, asogee mpaka kwenye kinu. Akasema kinu kiko karibu nami mno. Nikamwambia haya, mpaka pale kwenye ungo. Akacheka, meno yamebaki machache. Akasema mimi ni mtoto wa mama yangu. Kisha akaacha kupukuchua, akanitazama vizuri, na nikajua ananipa bei yake ya mwisho.

"Ile ya kahawia umevuta leo asubuhi?"

Kopo lilikuwa Shinyanga, kabatini, nyuma ya sukari. Sikuwa nimeligusa tangu mfungo.

"Nimevuta, bibi."

"Ukasukutua?"

"Nikasukutua."

Bibi akainuka, akachukua kigoda chake, akapita ungo, akapita kinu, akaja kukaa pembeni ya mkeka wangu, karibu kiasi cha kunusa mahindi kwenye kanga yake. Pumba zilikuwa zikipeperuka. Nikahisi kikohozi kinapanda. Nikageuzia uso begani, kwenye sweta, nikakibana.